Karanga Sitini na Nne

Saa tano usiku, Isevya, bando limebaki kidogo
kama chai chini ya kikombe.
Nikaandika: Naitwa Kalunde, kidato cha tano, Tabora.
Naomba msaada. Namba witiri, ukizijumlisha kwa kufuatana,
moja na tatu, na tano, na saba,
kila unaposimama unakuta mraba.
Uthibitisho ninao. Umejaa daftari:
kwa moja ni kweli, chukulia kwa k, mvushe k kwa jirani yake.
Ticha kaupigia vema kwa wino mwekundu.
Shida yangu ni kwamba siuamini.

Nikalirusha swali kwa watu nisiowajua,
nikabaki natazama kioo cha simu,
ufa wake umeikata alama ya sawasawa katikati.

Wa kwanza akajibu: Soma kitabu.
Wa pili: Dada, uko peke yako hapo?
Nikamfungia mlango.
Wa tatu alikawia. Treni ya mizigo ilikuwa inaingia stesheni,
nikahesabu mabehewa kwa sikio, kwa ule mgongano wa viungo,
nikafika ishirini na tatu ndipo simu ikatetemeka:

"Kuna karanga hapo nyumbani?"

Karanga! Ungo mzima uko chini ya meza,
za mama, za kupima kesho kwa kikombe pale Kitete.

"Weka moja. Usiifikirie, iweke.
Tatu ziipakane: ubavuni, juu, na kwenye kona.
Tano zipinde kiwiko, zikumbatie zile nne pande mbili.
Usiandike kitu."

Nikapanga sakafuni. Saba. Tisa.
Kila kiwiko kilikizidi cha nyuma yake kwa mbili,
moja huku, moja kule,
na mraba ukawa unakua bila kelele
kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha shule.
Ile k ya ticha, kumbe, ni karanga zilizokwisha kulala,
na jirani yake ni kiwiko kipya.
Mama akaamka kunywa maji, akaokota moja ya kona,
akaitafuna, akarudi kitandani.
Uthibitisho ukabaki na pengo.
Nilicheka hadi nikaziba mdomo kwa kanga.

Wewe ni mwalimu wa wapi?
"Si mwalimu. Napima chumvi Uvinza, zamu ya usiku. Naitwa Ntahondi.
Shule niliishia kidato cha pili. Hesabu haikuishia.
Na wewe, ukiacha namba, unapenda nini?"

Nikamwambia: mabehewa.
Na mashairi, yale ya mizani nane kwa nane,
nayapiga kwa vidole chini ya dawati.
Kumi na sita kila mstari, mistari minne...
Hapo nikasita.
Nikarudi sakafuni. Nikaziba pengo la mama,
nikaongeza viwiko hadi cha nane, chenye karanga kumi na tano.
Nikamtumia:

Moja ilikaa peke, tatu ikaizunguka,
Tano ikashika pake, saba nayo ikafika,
Kila mgeni na chake, mraba ukatanuka,
Sitini na nne zake ndizo nilizoandika.

Kimya. Nilijua anagonga vidole juu ya mzani.
"Zimetimia," akajibu. "Ile nne nimeipa mbili: n, ne.
Sasa na wewe nisaidie.
Hasi mara hasi, kwa nini chanya?
Niliuliza darasani nikaambiwa nikae chini.
Nimekaa miaka tisa."

Nikavuta ungo. Karanga hazijui kuwa hasi.
Nikaigeuza moja kichwa chini.
Nikaigeuza tena.
Nikaandika: Simama. Nipe hadi kesho.